Walio Chini Hawamo Kwenye Tableti

Duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, likititia, kila anayefika pale juu anakuja na swali lile lile: wako wangapi? Mkuu wa wilaya anauliza, mwandishi wa habari anauliza, mama aliyetoka mbio na kanga moja anauliza. Na mimi nauliza, maana ndiyo kazi yangu. Nakusanya taarifa za waathirika kwa ajili ya shirika moja la misaada, huku kati ya Kahama, Shinyanga Vijijini na Geita. Mkononi nina tableti yenye laini mbili, begani pawabenki, na ndani ya tableti kuna fomu inayojazwa hata pasipo na mtandao na inayojichukulia kodineti yenyewe. Jibu la swali lile halimo humo.

Watu wa mjini wakisikia habari za teknolojia kwenye maafa, wanaona droni, ramani ya setilaiti, ujumbe unaomfikia kila mtu papo hapo. Wakituonea huruma, wanatuonea kwa kukosa vifaa. Vifaa tunavyo. Kila mradi unaingia na vyake, ukiisha unaondoka na nywila zake, na tableti zinabaki kabatini zimevimba betri. Kinachotukwamisha mimi na wenzangu ni kitu cha bei ya daftari: orodha ya majina iliyoandikwa kabla balaa halijafika.

Niseme kwanza mgodi mdogo unavyokwenda, kwa sababu asiyeujua hawezi kuamini kwamba kuhesabu watu kumi ni kazi ya kutwa nzima. Dhahabu ikisikika mahali, rashi inaanza. Kwa siku chache watu wanamiminika kutoka Kahama, Mara, Kigoma, Singida, na pori linageuka mji wa maturubai. Mwenye leseni ni mmoja, mwenye duara ni mwingine, msimamizi wa duara ni wa tatu, na wanaoshuka ni vijana wanaopokezana zamu. Hawana mshahara. Wanagawana mawe: viroba vikipanda, mwenye leseni anatoa chake, mwenye duara chake, na wachimbaji wanabeba kilichobaki kwenda karasha, kwenye mashine ya kusaga mawe. Kijana akichoka au akiugua anampa mwenzake nafasi yake bila kumuaga mtu. Jina lililoko kwenye kitambulisho chake halijulikani pale. Anaitwa Kigoma, anaitwa Bonge, anaitwa Mtumishi, na kwenye machimbo makubwa akina Mtumishi wako watatu.

Halafu maduara yenyewe yanakutana huko chini. Mtu anashuka la kwanza anaibukia la tatu. Kwa hiyo hata ukiwahesabu walioshukia duara lililotitia, hujawahesabu walioko chini yake.

Jambo jingine ambalo wageni hawalijui: mchimbaji hashuki na simu. Chini kuna maji na tope, na mtandao haupenyi mwamba. GPS nayo ni hivyo hivyo, lazima ione anga. Simu inabaki juu inachajiwa. Kila tukio likitokea, kuna mtu wa makao makuu ananipigia kunishauri tuziombe kampuni za simu zitafute simu za waliofukiwa ziko wapi. Namjibu kwa adabu kwamba tunajua ziko wapi. Ziko kwenye kibanda cha kuchajia, na zinaita.

Nieleze siku moja, kwenye machimbo upande wa Geita ambayo sitayataja. Duara lilititia kabla ya alfajiri. Tulipofika, mwenye duara alisema waliokuwa chini ni wanne. Msimamizi akasema saba. Wachimbaji wenzao, waliokuwa wanavuta kifusi kwa ndoo na kamba, wakasema hawapungui kumi. Taarifa tatu, na mimi nina kisanduku kimoja cha kujaza, hakipokei neno "labda".

Kijana wa kibanda cha kuchajia ndiye aliyetusaidia. Ana sola mbili, betri ya gari na ubao wenye soketi nyingi. Kila simu inayoingia anaibandika kipande cha selotepu chenye namba, na kwenye kauntabuku yake anaandika namba hiyo, jina la mtaani la mwenye simu, aina ya simu, saa iliyoletwa. Mtu akija kuchukua yake na kulipa, anapigiwa alama ya vema. Daftari lile ameliandika kwa ajili ya ugomvi, ili mtu asije akadai simu kubwa wakati alileta ya tochi. Hakuna aliyemfundisha. Safu zake zimepigwa rula.

Tulikaa naye kwenye benchi tukapitia mistari isiyo na vema. "Huyu alileta saa moja jioni, hajaja. Huyu namwona pale, yuko kwenye kamba. Huyu wa duara la pili. Huyu sijui, kaka, tumwulize mama ntilie." Mama ntilie naye ana orodha yake ya wanaokula kwa mkopo, na anajua nani hakuja kunywa chai. Huku tunaongea, simu zinatetema kwenye ubao. Kioo kimoja kinaandika Mama Kulwa, kingine Dogo Bukombe, kingine Baba. Habari ilikuwa imeshafika redioni, na kwa WhatsApp ilikuwa imefika kabla ya redio. Kijana akaniuliza, "Nipokee?" Tukakubaliana apokee mwenyekiti wa kitongoji, tena aulize jina kamili la mwenye simu kabla ya kusema lolote. Hivyo ndivyo majina ya utani yalivyogeuka kuwa majina matatu matatu: mama wa mtu, kwenye simu, analitamka jina la mwanawe taratibu, na mwenyekiti anaandika.

Kufikia mchana tulikuwa na majina tisa kwenye karatasi. Mmoja alijitokeza jioni yake akiwa mzima. Alikuwa amelala gesti Katoro, simu ameiacha kwenye chaji. Wengine wote walikuwa chini kweli.

Niliporudi kwenye tableti kuwaingiza, fomu ilinidai aina ya paa. Ilitengenezwa kwa mafuriko. Paa la nyasi, la bati, la tembe. Ukuta umebomoka kwa kiwango gani. Chanzo cha maji ya kunywa. Sehemu zote za lazima, usipojaza hairuhusu kwenda mbele. Kwa mtu aliye mita nyingi chini ya ardhi nikalazimika kuchagua paa. Kwa jina la utani hapakuwa na nafasi, wala kwa namba ya duara, wala kwa aliyetoa taarifa. Hivyo vitatu ndivyo waokoaji walivyovihitaji siku ile, na walivipata kwenye karatasi.

Matukio makubwa ya ukanda huu yanasema jambo hilo hilo, ukiyasoma kwa jicho la mtu wa kazi. Januari 2017, kule mgodi wa RZ Union, Nyarugusu, Geita, wachimbaji walifukiwa, akiwemo raia mmoja wa China. Idadi iliyotangazwa mwanzoni ilikuwa pungufu. Waliotoka hai baada ya siku tatu walikuwa 15. Na waliokuwa juu waliwasiliana nao kwa vikaratasi vilivyopitishwa kwenye bomba. Karatasi na kalamu, mwaka 2017, wakati sisi wengine tuko juu tunagombania soketi ya jenereta.

Nyangalata, Kahama, ni Oktoba 2015. Waliokolewa baadhi mapema, sita wakabaki chini, na watu wakakata tamaa. Katikati ya Novemba, siku ya 41, watano wakatolewa wakiwa hai. Walikuwa wamekula mende na vyura na kukinga maji yaliyokuwa yakichuruzika. Hawakuonekana na chombo chochote. Wachimbaji wenzao walisikia sauti.

Hilo la sauti nataka nilikazie, maana huwezi kulijua mpaka usimame pale. Kitu kinachopungua kuliko vyote kwenye shimo lililotitia ni ukimya. Ekskaveta inanguruma, jenereta linanguruma, magari ya viongozi hayazimi injini kwa sababu ya kiyoyozi, na vijana mia wameinua simu wanarusha mubashara huku wakieleza. Siku moja mzee mmoja mchimbaji, mtu wa kufunga matimba, zile nguzo za kushikilia kuta za shimo, alikuwa analala kifudifudi na kuweka sikio kwenye bomba la hewa, anainua mkono kuomba kimya. Mkono wake unaonekana kwenye video nyingi za siku ile. Waliokuwa wanarekodi walidhani anasali.

Na Agosti 11, 2025, Nyandolwa, kata ya Mwenge, Shinyanga, watu 25 walifukiwa. Watatu walitolewa mapema, na kuwatafuta wengine ikawa kazi ya wiki kadhaa, kwa mitambo mikubwa iliyosogezwa kutoka migodi mikubwa. Kila siku taarifa ilihesabiwa upya: waliopatikana, waliobaki. Mtu wa nje anaziona hizo hesabu kama takwimu za mechi. Kwa familia iliyokaa chini ya turubai, kila hesabu ni swali la kama kijana wao alikuwemo kwenye ile 25 tangu mwanzo, au hakuandikwa na mtu.

Droni. Ninaulizwa sana kuhusu droni. Kwanza ina vibali vyake, na si vya kupata kwa nusu saa. Ikiruka, inaleta picha safi sana za maturubai. Midomo ya maduara mingi imefunikwa, kuzuia mvua na kuzuia macho ya jirani, kwa hiyo kutoka juu duara na jiko la mama ntilie vinafanana. Picha za setilaiti nazo ni za zamani. Mahali palipo na watu elfu leo, kwenye picha unaona miombo. Wachora ramani wa kujitolea nawaheshimu, wale wa OpenStreetMap. Njia nyingi za vijijini ninazopita leo kwa simu, pasipo mtandao, zimechorwa na mikono yao, na Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulianza tangu 2015 kuchora mitaa inayofurika. Lakini hakuna ramani ya huku chini. Anayejua duara hili limekatia wapi ni fundi aliyelichimba, na mara nyingi naye yumo humo humo.

Nitoke kwenye machimbo kidogo. Usiku wa kuamkia Machi 4, 2015, mvua ya mawe na upepo iliishukia Mwakata, Kahama, na watu zaidi ya 40 wakafa, wengi wakiwa wamelala, kuta za tope zikiwaangukia. Tangu hapo, kila msimu wa mvua tunaongea kuhusu tahadhari kwa simu. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa, na zinafika mpaka kwenye makundi ya WhatsApp ya vijiji. Lakini taarifa inataja mikoa: Shinyanga, Geita, Simiyu, Mwanza. Mvua ya mawe inapiga vijiji vitatu na kuviacha vingine vikiwa vikavu. Mkulima wa Msalala akishapokea angalizo la mkoa mara nne na kwake hakudondoka tone, la tano analipitisha kwa kidole.

Na usiku wenyewe ukifika, simu ni kitu cha kwanza kufa. Upepo unakata umeme, mnara unaishi kwa betri kwa saa chache, kisha unanyamaza. Simu ya mtu ilikuwa dirishani au chini ya mto. Sasa iko chini ya ukuta. Asubuhi nikifika, ramani yangu ya simu zilizopigwa inaonyesha kwamba kijiji kilichoumia zaidi kiko shwari, kwa sababu hakuna aliyepiga. Vijiji vilivyopiga kelele ni vile vilivyobaki na chaji. Mtu wa makao makuu anataka kupeleka mahema kule ambako alama nyekundu ni nyingi. Mabishano ya aina hiyo nimeyafanya nikiwa nimesimama juu ya boneti ya gari kutafuta vijiti viwili vya mtandao.

Kinachofanya kazi usiku ule ni yowe. Sungusungu walianzia ukanda huu huu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kupambana na wezi wa ng'ombe, na utaratibu wao wa kupokezana yowe na filimbi kitongoji kwa kitongoji bado upo vijijini. Tena kamanda wa sungusungu ana daftari la kaya, kwa sababu asiyeitikia yowe anatozwa faini, na huwezi kumtoza mtu usiyemwandika. Nikiingia kijijini siku hizi, kabla ya kufungua tableti namtafuta huyo. Nikishamwamkia na kukaa chini, mara nyingi anafungua begi lake na kunionyesha majina yaliyofutwa na kuongezwa kwa kalamu za rangi tatu. Aliyehama, aliyekufa, aliyeolewa. Hakuna sensa iliyo mpya kuliko ile.

Sasa fomu. Huku Usukumani mji mmoja, maana yake boma la familia, unaweza kuwa na mzee, wake watatu, watoto wao waliooa, na kila mke ana nyumba yake, jiko lake na ghala lake. Fomu inataka "mkuu wa kaya" mmoja na namba ya simu moja. Namba ni ya mzee. Msaada unaingia kwa mzee, na kama mzee yuko mnadani au ana mapenzi na mke mdogo tu, jiko la mke mkubwa halitaona kitu. Nimewahi kumsikiliza mama mmoja, ukuta wake wote umelala, akiambiwa na kijana wetu kwamba kwenye mfumo ameshapokea. "Mwanangu," akasema, "huyo mfumo ndiye aliyepokea, mwambie aniletee."

Sehemu nyingine ya lazima ni namba ya NIDA, tarakimu 20. Mtu ametoka kwenye nyumba iliyoanguka, kitambulisho kiko kwenye tope, na tarakimu 20 nani anazikariri? Fomu haikubali kuachwa wazi. Vijana wakusanyaji, wanaolipwa kwa idadi ya fomu, kwenye kijiji kimoja walijaza sifuri ishirini kwa kila aliyekosa. Makao makuu mfumo ukafanya kazi yake ya kuondoa majina yaliyojirudia. Watu wote wenye sifuri ishirini ukawaona ni mtu mmoja, ukafuta wengine. Kwenye skrini ya Dar es Salaam kijiji kilipungua kwa usiku mmoja, na mratibu akaandika barua pepe kutupongeza kwa kusafisha takwimu.

Alama za vidole ndiyo suluhisho, tunaambiwa. Njoo ushike kidole cha mtu aliyepiga moko, yaani tindo ya kuvunjia mwamba, miaka kumi. Ngozi imekuwa kama soli. Kifaa kinaomba arudie, anarudia, kinaomba afute jasho, anafuta, kinakataa. Ndiyo maana laini za wachimbaji wengi zimesajiliwa kwa vidole vya watu wengine: shemeji, mpenzi wa zamani, kijana wa kuuza laini. Tangu usajili wa alama za vidole uliposhika kasi na laini zisizosajiliwa kuanza kufungwa Januari 2020, hali hii imekuwa ya kawaida. Ukituma pesa ya msaada, jina linalorudi kwenye ujumbe wa uthibitisho halifanani na la mwathirika. Mhasibu anakataa. Fedha inarudi. Mwathirika anaambiwa kuna changamoto ya kimfumo.

Na ikifika? Wengi wana mkopo wa simu. Pesa ikiingia tu, deni linakatwa kabla mwenyewe hajaona ujumbe. Nimeona mtu aliyefiwa amepokea ubani wa shirika, na kilichobaki kwenye simu hakitoshi kununua sanda. Waliobaki na salio wanamiminika kwa wakala mmoja wa kijiji siku hiyo hiyo, na wakala anaishiwa taslimu kabla ya saa nne asubuhi. Anayetaka yake leo anakatwa kidogo. Hayo makato hayaonekani popote kwenye ripoti.

Matapeli wao hawana shida ya mtandao. Hawachelewi. Kabla kamati ya maafa ya wilaya haijakaa kikao cha kwanza, kwenye WhatsApp kuna picha ya mtoto anayelia, mara nyingi ya nchi nyingine kabisa, na namba ya kuchangia. Familia nazo zinapigiwa: "Kijana wenu yuko hai, yuko hospitali, tuma hela ya damu." Majina wanayatoa wapi? Wanayatoa kwenye orodha zetu zilizopigwa picha na kurushwa na mtu mwenye nia njema. Kwa hiyo orodha yenyewe, ninayoililia, ni kitu cha kulinda. Ile ya kauntabuku siku ile tuliishika kwa zamu na kukataza kuipiga picha, na watu wawili walituchukia.

Kipo kinachofanya kazi, na ni haki kukitaja. Mfumo wa m-mama ulianzia Sengerema, ukaja kwetu Shinyanga, na mwaka 2022 serikali ikaanza kuupeleka nchi nzima. Mama mjamzito akipata dharura, anapiga 115 bure. Mhudumu wa kituo cha uratibu anamuuliza maswali yanayomwongoza kwenye kompyuta. Gari la wagonjwa likiwa mbali, anampigia dereva wa kijiji hicho hicho, na dereva analipwa kwa simu. Watu wanasifia programu. Mimi nasifia kile kilichofanyika kabla ya programu kuwashwa: mtu alizunguka vijiji, akamtafuta mwenye gari anayeaminika, akaona kama gari linawaka, akakubaliana naye nauli, akaandika jina lake. Simu inapoita saa nane usiku, anayepigiwa alishajulikana.

Kwa nini basi isiwe hivyo kwenye maduara? Hapa ndipo wageni wetu wanapochoka kunisikiliza, kwa sababu jibu halihusu kifaa. Jina likiandikwa, limekuwa dai. Mwenye duara akiwa na orodha ya walioshuka, akifa mtu ana orodha ya anaopaswa kuwafidia. Mawe yakipanda mengi, ana orodha ya wanaodai mgao. Na ofisi nyingine itaiona kama orodha ya wafanyakazi, ianze kuuliza michango. Asipoandika, akisema walikuwa wanne, nani atambishia? Wakaguzi wakija, daftari la zamu lipo, limejazwa kwa mwandiko mmoja, kalamu moja, wino ule ule tangu mwezi uliopita.

Wachimbaji wenyewe hawataki pia. Mmoja amekimbia mkopo wa kikundi Kahama. Mwingine nyumbani wanajua yuko Mwanza anauza duka. Mwingine ana umri ambao hautakiwi kuwa chini kule. Nikiwaeleza umuhimu wa kuandikwa, wananiuliza kitu kimoja: hiyo orodha itakaa kwa nani? Sijapata la kuwajibu, kwa sababu seva yetu iko nchi ambayo sijawahi kufika, na waliobuni fomu hawajawahi kufika Nyarugusu.

Mahali pawili nimeona utaratibu uliodumu. Pa kwanza ni machimbo ambako mlinzi wa kamba anampa kila anayeshuka kipande cha bati chenye namba, na anayepanda anakirudisha. Vipande visivyorudi vinahesabiwa mwisho wa zamu. Hakuna jina, kwa hiyo hakuna anayeogopa. Jina linakaa ndani ya bahasha kwa mtu ambaye wachimbaji walimchagua wenyewe, mchungaji wa kanisa la pale machimboni, na inafunguliwa bati lisiporudi. Pa pili ni kibanda cha kuchajia, kama nilivyoeleza. Nimependekeza mara kwa mara fomu yetu iruhusu namba ya bati na jina la utani badala ya NIDA, na iondoe paa. Nimejibiwa kwamba ikibadilishwa, takwimu za mwaka huu hazitalinganishwa na za mwaka jana.

Mafunzo ya toleo jipya yamepangwa kufanyika Kahama mwezi ujao. Ratiba nimeiona: siku ya kwanza kuwasha na kusajili tableti, ya pili kujaza fomu, ya tatu kupakia na usalama wa nywila. Wenye maduara hawajaalikwa, wala makamanda wa sungusungu, wala walinzi wa kamba. Chai na chakula cha mchana vipo siku zote tatu. Fomu bado inauliza paa.